Rubani Mgeni kwa Ndege na Makosa ya Mwinuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ndege za Kampuni na za Kukodi

Rubani ana leseni na ana reitingi ya ndege hiyo. Anakuwaje mgeni kwayo?

Reitingi ni ruhusa ya kuanza. Inathibitisha kwamba siku ya mtihani aliweza kuirusha, mara nyingi ndani ya simuleta, tena simuleta yenye skrini na programu zisizofanana na za ndege anayokwenda kukabidhiwa. Ugeni tunaouzungumzia hapa haumhusu rubani asiyejua kurusha. Anayehusika ni rubani mwenye saa 6,000 angani ambaye mkono wake bado unatafuta swichi. Anajua kuna kitufe cha kurudisha altimita, yaani kipima mwinuko, kwenye kipimo cha kawaida cha kanieneo ya hewa (1013), ila katika ndege ya wiki iliyopita kilikuwa katikati ya nobu, na katika hii kipo pembeni. Sekunde nne za kutafuta kitufe, wakati ndege inapanda futi 4,000 kwa dakika, ni futi 270 hivi.

Ugeni pia humrudia mtu aliyekwisha kuizoea ndege. Miezi miwili bila kuigusa inatosha.

Kwa nini ugeni huo huonekana zaidi kwenye mwinuko kuliko kwingine?

Kwa sababu mwinuko hubadilika wakati ule ule ambapo kazi zimerundikana: kukunja magurudumu na flapu, kubadilisha masafa ya redio, kugeukia njia mpya, kusoma cheklisti, kurekebisha altimita. Rubani aliyeizoea ndege hufanya nusu ya kazi hizo bila kufikiri, akili yake ikabaki kwenye mwinuko. Mgeni anazifikiria zote, na kinachosahaulika kwanza ni kile kisichopiga kelele. Magurudumu yasipokunjwa utayasikia kwa mlio wa upepo. Kupitiliza kwa futi 400 hakusikiki popote ila kwenye kengele ya mwinuko, nayo ikilia tayari umechelewa.

Kosa la mwinuko linahesabiwa kuanzia futi ngapi?

Ulaya huhesabu kupotoka kwa futi 300 au zaidi kutoka mwinuko ulioruhusiwa. Kwenye anga ya RVSM, kati ya usawa wa 290 na 410 (futi 29,000 hadi 41,000), ni futi 200, kwa kuwa huko ndege hutenganishwa kwa futi 1,000 tu badala ya 2,000 za zamani. Ulaya ilianza utaratibu huo Januari 2002, Marekani Januari 2005, Afrika Septemba 2008. Ili kuingia humo ndege lazima iwe na mifumo miwili ya kupima mwinuko inayojitegemea, kengele ya mwinuko na otopailoti yenye uwezo wa kushikilia mwinuko. Altimita kuu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya futi 200, mwongoza ndege ajulishwe.

Kwa nini ndege za kampuni zaidi kuliko za mashirika makubwa ya abiria?

Shirika kubwa lina ndege 40 za aina moja zenye kokpiti moja. Idara ya ndege ya kampuni inaweza kuwa na King Air moja, Citation moja na Hawker ya zamani, na marubani wale wale wanazirusha zote. Wa kukodi naye huitwa jioni kuziba pengo, akutane na kapteni wake kwenye ngazi ya ndege asubuhi. Hawajawahi kuruka pamoja, na kila mmoja ana desturi zake za kutamka na kuhakiki.

Halafu kuna safari za kuhamisha ndege bila abiria. Jeti ndogo ikiwa tupu, na mafuta nusu, hupanda futi 5,000 kwa dakika bila shida. Futi 1,000 za mwisho zinapita ndani ya sekunde 12. Rubani aliyezoea turbopropu inayopanda futi 1,500 kwa dakika hupewa sekunde 40 kwa kazi ile ile, na mazoea yake yamejengwa juu ya hizo 40.

Na kuna mazungumzo. Kanuni za Marekani zinayakataza mashirika ya ratiba na ya kukodi kuzungumza yasiyohusu safari kokpiti ndege ikiwa chini ya futi 10,000. Safari binafsi za kampuni haziko chini ya katazo hilo. Kampuni zenye busara zimejiwekea zenyewe. Nyingine bosi huchungulia mlangoni kuuliza watafika saa ngapi, wakati ndege inakaribia futi 3,000.

Sheria inaruhusu mtu akae muda gani bila kupimwa kwenye ndege husika?

Tuchukue Marekani, ambako ndege nyingi za aina hii zimesajiliwa. Rubani mkuu wa ndege inayohitaji marubani wawili, au ya jeti, hupimwa kila miezi 12. Lakini kwa aina mahususi ya ndege anayoirusha, kipimo kinaweza kuwa cha ndani ya miezi 24. Mwenye aina mbili anaweza kupimwa moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Juu ya hapo, ili kubeba abiria, anatakiwa awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Mizunguko mitatu kuzunguka kiwanja mchana mweupe inatosheleza hilo, na haimfundishi chochote kuhusu kushuka kutoka futi 41,000 huku mwongoza ndege akibadilisha maagizo mara nne.

Kwa hiyo rubani anaweza kuwa halali kabisa kisheria na bado awe mgeni. Wenye kampuni wengi hawaoni tofauti hiyo.

Niliweka mwinuko sahihi, ndege ikapitiliza. Imekuwaje?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, kwa hiyo tutalikalia.

Kuweka namba kwenye dirisha la mwinuko si kuiambia ndege isimame hapo. Kuna hatua tatu, nazo zinasomeka juu ya skrini kuu ya rubani. Kwanza modi ya kusubiri: mwinuko umeandaliwa, kwa kawaida kwa herufi nyeupe. Pili modi ya kudaka: ndege imeanza kulaza pua ili ifike taratibu. Tatu modi ya kushikilia. Ukikosa kuona ya kwanza, usitegemee ya pili.

Majina yenyewe hutofautiana. Kwenye mifumo mingi ya Collins Pro Line utaona ALTS, kisha ALTS CAP. Kwenye Honeywell Primus hatua ya kusubiri ni ASEL. Rubani aliyetoka kwenye moja kwenda nyingine husoma herufi asizozizoea, akadhani mambo yako sawa kwa kuwa kuna kitu kimeandikwa.

Mitego mitatu hurudi tena na tena.

Wa kwanza: ndege iko kwenye hatua ya kudaka futi 5,000, mwongoza ndege anasema panda hadi 7,000, rubani anazungusha nobu. Katika mifumo mingine kuigusa nobu wakati wa kudaka kunafuta kudaka, na otopailoti inarudi kwenye modi ya kushikilia mkao wa pua tu. Sasa ndege inapanda polepole bila lengo. Ikiwa agizo lilikuwa la kwenda chini, hali ni mbaya zaidi: inaendelea kupanda huku dirisha likionyesha namba ya chini.

Wa pili: kigurudumu cha kuinua na kushusha pua kwenye paneli ya otopailoti. Ukikigusa wakati wa kudaka, baadhi ya ndege huachilia mwinuko. Rubani alitaka kulainisha safari kwa ajili ya abiria mwenye kahawa mkononi.

Wa tatu: kitufe cha kughairi kutua na kurudi angani, kwenye mkono wa nguvu za injini. Kwenye ndege fulani huzima otopailoti kabisa, kwenye nyingine huiacha. Asiyejua ndege yake ni ipi huachia usukani akiamini mashine imeshika.

Kinga ni kusoma skrini kwa sauti. Siyo nobu, siyo dirisha. “Elfu saba imewekwa” ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni “modi ya kusubiri inaonekana”.

Altimita za inchi na za hektopaskali zinachanganya vipi?

Ndege iliyotengenezwa Marekani mara nyingi huja na altimita zilizopangwa kwa inchi za zebaki. Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe na Ulaya yote hutoa kanieneo ya hewa kwa hektopaskali. Mtego unaojulikana ni huu: mwongoza ndege anasema “tisa tisa mbili”, akimaanisha hektopaskali 992. Rubani aliyezoea Marekani anasikia 29.92, namba aliyoiweka maelfu ya mara. Hektopaskali 992 ni inchi 29.29. Tofauti ni inchi 0.63, na kila inchi moja ni kama futi 1,000. Altimita itasoma futi 600 na zaidi juu ya ukweli; yaani ndege iko chini kiasi hicho kuliko rubani anavyoamini, huku akikaribia ardhi kwenye mawingu.

Ukanda wa ikweta hauna kanieneo ya chini namna hiyo kwa kawaida, ndiyo maana rubani wa hapa huenda asilione kosa hili hadi siku anapopeleka wateja Ulaya wakati wa baridi.

Nalo suala la kubadili kutoka kanieneo ya mahali kwenda 1013 lina mtego wake. Marekani hubadili futi 18,000 kote. Kwingineko kila eneo lina lake, limeandikwa kwenye chati. Aliyejifunza kwamba ni 18,000 husahau kubadili mapema, au anaposhuka anasahau kurudisha. Kwa kila hektopaskali utakayokosea, hesabu futi 27 hadi 30.

China bado hutoa mwinuko kwa mita. Mwongoza ndege anasema mita 10,100, nawe unaruka futi 33,100 kwa mujibu wa jedwali lililochapishwa. Usipige hesabu kichwani. Jedwali liwe mezani kabla ya mpaka.

Ni namba zipi zinazosikika vibaya?

Futi 10,000 na 11,000 ndiyo jozi inayojitokeza zaidi katika ripoti za marubani. Kwa Kiingereza cha redio ni “one zero” na “one one”, na hapo hapo ndipo kuna kikomo cha kasi cha noti 250, cheklisti, na mara nyingi kubadilisha masafa. Uingereza ilibadili matamshi ya usawa wa 100 yasifanane na wa 110. Mtego mwingine ni uelekeo na usawa kutolewa pamoja: “uelekeo 240, panda usawa 230”. Namba mbili zinazofanana ndani ya sentensi moja; andika zote kabla ya kuzirudia.

Ajali ya Brazil ya mwaka 2006 inahusiana vipi na mada hii?

Tarehe 29 Septemba 2006 jeti mpya ya Embraer Legacy 600 iliondoka São José dos Campos, mmiliki wake akiwa ni kampuni ya kukodi ya Marekani iliyotoka kukabidhiwa kiwandani. Ilikuwa inaelekea Manaus kwa kituo cha kwanza. Marubani wote wawili walikuwa na leseni na uzoefu wa miaka, lakini saa zao kwenye Legacy zilikuwa chache.

Mpango wa safari ulisema usawa wa 370 hadi Brasília, halafu 360, halafu 380 mbele zaidi. Baada ya Brasília njia inageuka kaskazini magharibi, ambako namba shufwa ndizo zinazotumika; witiri ni kwa wanaokuja kinyume. Ruhusa waliyopewa ardhini ilitolewa kwa ufupi, wakaielewa kuwa 370 hadi Manaus. Walipita Brasília wakiwa 370, na hakuna mwongoza ndege aliyewaambia washuke.

Dakika chache baadaye transponda yao, kifaa kinachoitambulisha ndege na mwinuko wake kwa rada, ilienda kwenye hali ya kusubiri, kwa uwezekano mkubwa bila kukusudia. Transponda ikisinzia, TCAS, mfumo wa kuonya mgongano, nao unakufa. Kwenye ndege ile dalili yake ilikuwa maandishi madogo kwenye skrini, bila mlio. Kwa karibu saa nzima hakuna aliyeyaona, na sehemu ya muda huo ilitumika kwenye kompyuta kupiga hesabu za kiwanja cha Manaus. Boeing 737-800 ya Gol ilikuwa inakuja kutoka Manaus kwa usawa ule ule wa 370. Ncha ya bawa la kushoto la Legacy ilikata bawa la kushoto la Boeing. Wote 154 waliokuwa ndani ya Boeing walikufa. Watu 7 wa Legacy walitua kambi ya jeshi ya Cachimbo.

Wachunguzi wa Brazil waliutaja ugeni wa marubani kwa ndege na maandalizi yao. NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, iliweka uzito mkubwa kwa waongoza ndege, walioziacha ndege mbili kwenye usawa mmoja. Kwa rubani, hoja zote mbili zina kazi: ukipita sehemu ambayo mpango wako unasema ubadilishe usawa na hujaambiwa kitu, uliza. Na kwenye ndege mpya, jifunze kwanza inavyokuambia kwamba kitu kimezimika. Jinsi ya kukiwasha si shida kubwa.

Ipo kesi ya kushuka chini mno?

Houston, Novemba 2004. Gulfstream III yenye wafanyakazi watatu, ikienda kumchukua Rais mstaafu George H. W. Bush, ilianguka ikikaribia kiwanja cha Hobby kwenye ukungu. Wote watatu walikufa. NTSB ilitaja kushindwa kuhakiki vyombo, na iliona kuwa huenda marubani waliisoma alama ya kasi, iliyokaa pembeni ya skrini, wakidhani ni alama ya mteremko wa kutua.

Kuna viwanja vinavyojulikana kwa makosa haya?

Teterboro, jirani ya New York, ni mfano wa darasani. Njia ya kuondokea iitwayo RUUDY kutoka njia ya kurukia 24 inamtaka rubani apite sehemu ya WENTZ kwa futi 1,500 kamili, ndipo apande 2,000 kufikia TASCA. Juu yake zinapita ndege zinazotua Newark. Kiwanja kiko karibu usawa wa bahari, hivyo jeti nyepesi hufika 1,500 kabla flapu hazijaisha kukunjwa. Wengi huweka 2,000 kwenye dirisha kwa kuwa ndiyo namba ya mwisho kwenye chati. Weka 1,500. Ukishaipita WENTZ ndipo uweke 2,000. Na punguza nguvu mapema. Hakuna tuzo ya kupanda haraka hapo.

Futi 1,000 za mwisho zishughulikiweje?

Anayepokea agizo kwenye redio analirudia. Anayerusha, au msaidizi kama otopailoti haijawashwa, anaweka namba, anaielekeza kidole na kuitamka, na kidole hakiondoki hadi mwenzake naye aielekeze na kuitamka. Kama walisikia tofauti, anaulizwa mwongoza ndege. Kupiga kura kokpiti hakusaidii.

Futi 1,000 kabla ya lengo, msaidizi anatamka mwinuko anaoupita na anaokwenda. Kasi ya kupanda au kushuka ipunguzwe iwe kati ya futi 500 na 1,500 kwa dakika. Hii pia hupunguza maonyo yasiyo ya lazima ya TCAS, maana mashine haijui kwamba unakusudia kusimama. Kuanzia hapo hakuna kuandika fomu wala kupiga simu ya gari la abiria. Macho yote kwenye skrini hadi modi ya kushikilia ionekane.

TCAS haitaniokoa?

Ikiwa imewashwa, na mwenzako ana transponda inayofanya kazi, huenda. Ikitoa amri ya kupanda au kushuka, ifuate hata kama mwongoza ndege anasema kinyume. Mgongano wa Überlingen wa Julai 2002, uliowaua watu 71, ulitokea pale ndege moja ilipofuata mashine na nyingine ikafuata sauti ya redioni.

Nimegundua nimepitiliza futi 500. Sasa?

Rudi taratibu bila kuivuta ndege kwa nguvu, isipokuwa TCAS imeshatoa amri. Mwambie mwongoza ndege mara moja. Anaweza kukuambia ubaki ulipo kwa kuwa kuna mwingine chini yako. Kisha angalia kilichosababisha: modi, kanieneo, au namba uliyosikia vibaya. Ukiwa kwenye anga ya Marekani, ripoti kwa ASRS ya NASA, mfumo wa ripoti za hiari za usalama ulioanza 1976, ndani ya siku 10 inaweza kukuepusha na adhabu ikiwa hukukusudia na si jinai.

Nimeitwa kesho kurusha ndege nisiyoigusa kwa muda. Nijiandae vipi?

Fika dakika 45 kabla ya kawaida, uombe umeme wa ardhini, ukae kwenye kiti chako. Zungusha nobu ya mwinuko na uone inaruka kwa 100 au kwa 1,000. Badilisha kanieneo kutoka inchi kwenda hektopaskali na kurudi. Tafuta kitufe cha 1013 ukiwa umefumba macho. Weka transponda kwenye hali ya kusubiri makusudi na uangalie skrini inakuambia nini, kisha irudishe. Linganisha altimita zote na mwinuko wa kiwanja. Tofauti ya zaidi ya futi 75 isikubalike kirahisi.

Halafu zungumza na kapteni: nani anaweka namba, nani anatamka, kengele ya mwinuko ya ndege hii inalia futi ngapi kabla. Mwambie wazi, “Kapteni, sijairusha hii tangu Machi.” Anayeficha hilo humnyima mwenzake sababu ya kumwangalia kwa karibu.

Mwenye ndege au mteja aulize nini?

Mawili tu. Rubani huyu ameruka ndege hii, yenye namba hii ya usajili, lini mara ya mwisho? Na hawa wawili wameshawahi kuruka pamoja? Jibu likiwa “ana saa nyingi sana”, swali halijajibiwa.